Nafasi ipo, kasi iko wapi? Kupima volyumu za seva pepe

Malalamiko kwamba mfumo umekuwa mzito huja na mshangao wake. Msimamizi anafungua skrini ya hifadhi na kukuta volyumu imejaa asilimia 40 tu. Prosesa zimetulia, RAM imebaki tele, mtandao haujatumika hata nusu. Hata hivyo mhasibu akibofya ripoti ya mwezi, anasubiri mpaka chai inapoa. Nafasi ipo, kasi haionekani.

Mara nyingi chanzo chake ni siku ya manunuzi. Hati ya zabuni ilitaja terabaiti, muuzaji akajibu kwa terabaiti, kamati ikalinganisha bei kwa terabaiti. Hakuna aliyeuliza mashine pepe ngapi zitasoma na kuandika kwa wakati mmoja, wala kila ombi linaruhusiwa kusubiri muda gani. Katika seva moja ya kimwili yenye kazi moja, kosa hilo lilisameheka. Katika mazingira ambamo mashine pepe 30 au 100 zinagombania volyumu zilezile, linamfikia kila mtumiaji.

Makala haya yanatetea hoja moja: ukubwa wa volyumu uamuliwe na kazi inayofanyika juu yake, foleni inayoihudumia na muda wa kuirejesha ikiharibika. Gigabaiti zihesabiwe mwisho, hayo matatu yakishajulikana.

Namba tatu, na kanuni inayoziunganisha

Kazi ya hifadhi hupimwa kwa namba tatu. Ya kwanza ni idadi ya operesheni za kusoma na kuandika kwa sekunde, ambayo mafundi huiita IOPS. Ya pili ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde, kwa megabaiti. Ya tatu ni muda ambao kila ombi linasubiri jibu, kwa milisekunde. Vipeperushi vya wauzaji hupenda mbili za mwanzo. Mtumiaji anaihisi ya tatu.

Namba mbili za mwanzo huachana kulingana na ukubwa wa kipande kinachosomwa. PostgreSQL na SQL Server hufanya kazi kwa kurasa za kilobaiti 8, na InnoDB ya MySQL kwa kilobaiti 16. Volyumu inayotoa IOPS 3,000 kwa kurasa za kilobaiti 8 inapitisha megabaiti 24 tu kwa sekunde, kiasi ambacho hata waya wa mtandao wa gigabiti 1 unakibeba bila taabu. Kinyume chake, nakala rudufu ya usiku husoma vipande vikubwa. IOPS 1,000 za kilobaiti 256 ni takriban megabaiti 250 kwa sekunde, na waya huohuo, ambao kinadharia haupiti megabaiti 125, unazidiwa mara mbili. Kwa hiyo mtu akisema hifadhi yake inatoa IOPS laki moja bila kutaja ukubwa wa kipande, uwiano wa kusoma na kuandika, na muda wa kusubiri, hajasema kitu kinachoweza kupimwa.

Kinachoziunganisha namba hizi ni kanuni ambayo John Little, mtaalamu wa Marekani, alichapisha uthibitisho wake mwaka 1961: idadi ya maombi yaliyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya maombi kuingia, mara muda ambao kila ombi linakaa. Ukiijua foleni ina nafasi ngapi na kila ombi linachukua muda gani, unajua kikomo cha kazi. Foleni yenye nafasi 32, kila ombi likichukua milisekunde 1, haiwezi kupitisha zaidi ya operesheni 32,000 kwa sekunde. Muda ukipanda hadi milisekunde 8, kikomo kinashuka hadi 4,000. Ukifika milisekunde 20, zinabaki 1,600. Volyumu ni ileile, gigabaiti ni zilezile.

Hesabu ya diski zinazozunguka

Diski ya kuzunguka ni mtambo, na kikomo chake kinahesabika kwa kalamu na karatasi. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kwa wastani kichwa husubiri nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 4.2, na huchukua takriban 8.5 nyingine kusogea hadi mahali data ilipo. Jumla ni karibu milisekunde 12.7. Gawanya sekunde moja kwa muda huo, unapata operesheni kama 80. Diski ya mizunguko 15,000, ambayo nusu mzunguko wake ni milisekunde 2 na kusogea kwake kama 3.5, hufikisha kama 180.

Namba hizo hazijali ukubwa wa diski. Diski ya terabaiti 1 yenye mizunguko 7,200 inatoa operesheni 80 kwa terabaiti, na ya terabaiti 16 inatoa 5. Kadiri viwanda vilivyofanikiwa kushindilia data zaidi katika diski moja, ndivyo kila terabaiti ilivyobaki na kasi ndogo zaidi.

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha pendekezo la RAID: diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na diski moja kubwa ya bei mbaya. Kuandika, hata hivyo, kuna ada. RAID 10 huandika kila kitu mara mbili. RAID 5, kwa andiko dogo, husoma data ya zamani, husoma pariti ya zamani, huandika data mpya na huandika pariti mpya. Andiko moja limekuwa operesheni nne. RAID 6, yenye pariti mbili, hufikisha sita.

Tuchukue SACCO ya kubuni yenye mashine pepe 33: hifadhidata ya mikopo, seva ya mafaili, seva ya barua pepe na nyingine ndogondogo 30. Data yote ni terabaiti 6. Siku za mishahara hifadhidata inataka IOPS 1,800, mafaili 300, barua pepe 400, na zile ndogo wastani wa 50 kila moja. Jumla ni 4,000, asilimia 70 zikiwa za kusoma na 30 za kuandika.

Anayenunua kwa gigabaiti atapiga hesabu fupi. Diski 11 za gigabaiti 600 zikiwekwa kwenye RAID 5 zinatoa terabaiti 6 kamili, basi anafunga daftari. Sasa tazama kasi. Diski 11 za mizunguko 15,000 zina operesheni 1,980 kwa jumla. Kila ombi la wastani linagharimu 0.7 ya kusoma na 0.3 mara 4 ya kuandika, yaani 1.9. Gawanya, unapata IOPS 1,042. SACCO imenunua robo ya kasi inayohitaji. Akija mwenzake anayetafuta bei nafuu zaidi, atachukua diski tatu za terabaiti 4 zenye mizunguko 7,200, apate terabaiti 8 na IOPS zisizozidi 126. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Anayenunua kwa kazi anaanzia upande wa pili. IOPS 4,000 kwa uwiano ule zinakuwa operesheni 7,600 kwenye diski za RAID 5, na hizo zinataka diski 43. Kwa RAID 10 ni operesheni 5,200, diski 29, ambazo huwa 30 kwa sababu zinakwenda kwa jozi. Kwa RAID 6 ni operesheni 10,000, diski 56. RAID 10, inayosemwa kuwa na ubadhirifu wa nafasi, ndiyo iliyohitaji diski chache kuliko zote.

Kashe ya kontrola hupunguza makali ya hesabu hii, kwa sababu hupokea andiko, hulijibu papo hapo na kulipeleka kwenye diski baadaye. Lakini kashe hiyo huaminika kwa sababu ina betri. Betri ikizeeka, jambo ambalo joto la chumba cha seva kisicho na kiyoyozi cha uhakika huliharakisha, kontrola nyingi huacha zenyewe kujibu kabla ya kuandika, na mfumo uliokuwa mwepesi jana unakuwa mzito leo bila mtu kubadilisha chochote. Kabla ya kuomba bajeti ya diski mpya, msimamizi atazame kwanza hali ya betri hiyo.

Majirani ndani ya volyumu moja

Mashine pepe moja inayosoma faili kubwa husoma kwa mfululizo, na diski ya kuzunguka hupenda hivyo. Mashine 20 zikisoma kila moja faili lake kwa mfululizo kwenye volyumu moja, haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, hupokea maombi kutoka pande 20 na kuyapeleka yakiwa yamechanganyika. Kwa diski, yale ni maombi ya kurukaruka. Ndiyo sababu majaribio yaliyofanywa kwa mashine moja pekee hayatabiri volyumu itafanya nini ikishajaa majirani.

Pili, majirani huamka pamoja. Nakala rudufu huwekwa saa sita usiku kwa mashine zote. Programu ya kukagua virusi nayo hupangwa saa ileile kwa zote. Umeme ukikatika na kurudi, mashine 33 zinawaka kwa mpigo, kila moja ikisoma mfumo wake wa uendeshaji. Wanaoendesha kompyuta pepe za mezani wanaijua dhoruba hii kila asubuhi, wafanyakazi wanapoingia kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hiyo wastani ni kipimo kinachopotosha. SACCO yetu ikihitaji IOPS 4,000 kwa saa mbili na 200 kwa saa 22 zilizobaki, wastani wa siku ni 517. Volyumu iliyopimwa kwa wastani huo itaonekana bora usiku kucha na kuwaangusha wanachama waliopanga mstari dirishani. Kipimo kinachofaa ni asilimia ya 95: kiwango ambacho mahitaji hayakukivuka katika sampuli 95 kati ya kila 100, zikichukuliwa kwa vipindi vifupi katika mzunguko mzima wa biashara, mwisho wa mwezi ukiwemo. Kwa hifadhidata ya malipo hata hicho hakitoshi. Hapo kilele chenyewe kinahesabika.

Kwa nini volyumu ndogo zilisifiwa

Kwa miaka mingi mafundi walirithishana kanuni za kukadiria: volyumu isizidi gigabaiti 500, isibebe mashine zaidi ya 15 au 20. Kanuni hizo zilikuwa na sababu, na ni vizuri kuzijua ili kujua zipi zimekwisha muda wake.

Sababu ya kwanza ilikuwa kufuli. VMFS, mfumo wa mafaili wa VMware, huruhusu seva kadhaa kutumia volyumu moja. Zamani, kila seva ilipotaka kubadilisha kumbukumbu za mfumo huo, kwa mfano kuwasha mashine pepe, kuunda faili au kukuza snapshoti, iliifunga volyumu nzima kwa muda mfupi na wengine wakasubiri. Mashine nyingi zilimaanisha kufuli nyingi. Mwaka 2010, vSphere 4.1 ilileta VAAI, ambayo pamoja na mengine iliiwezesha hifadhi yenyewe kufunga sehemu ndogo tu inayoguswa. Pale hifadhi inapoikubali VAAI, sababu hii imekufa.

Sababu ya pili ilikuwa kikomo cha programu. VMFS-3 haikuweza kutumia kipande kimoja kinachozidi terabaiti 2. VMFS-5, iliyokuja na vSphere 5 mwaka 2011, ilipandisha kikomo hadi terabaiti 64, na mwaka 2013 vSphere 5.5 ikaruhusu diski pepe moja kufika terabaiti 62. Sababu hii nayo imekufa.

Sababu ya tatu bado inapumua, nayo ni foleni. Kwa kila volyumu, seva huwa na idadi maalumu ya maombi inayoweza kuyatuma kabla ya kupata majibu. Katika kadi nyingi za Fibre Channel imekuwa 32 au 64. Volyumu moja ya terabaiti 16 ina foleni moja kwa kila seva. Ukiigawa kuwa nne za terabaiti 4 juu ya diski zilezile, seva ina foleni nne. Ni kama duka la jumla: kupanua stoo hakuongezi wauzaji kaunta.

Kugawa, hata hivyo, kunasaidia pale tu msongamano ulipo kwenye foleni. Kama diski zenyewe zimezidiwa, foleni nne zitaongeza tu maombi yanayosubiri ndani ya hifadhi badala ya ndani ya seva. Programu ya esxtop ya VMware inatofautisha hali hizi mbili waziwazi. Safu ya DAVG inaonyesha muda uliotumika kwenye kifaa, KAVG muda uliotumika ndani ya haipavaiza, na GAVG jumla inayohisiwa na mashine pepe. KAVG ikikaa juu ya milisekunde 2 huku DAVG ikiwa ndogo, foleni ndiyo nyembamba: gawa volyumu au ongeza kina cha foleni. DAVG ikipanda hadi 20 au 30, tatizo liko kwenye diski au njia ya kuzifikia, na kugawa volyumu ni kupoteza usiku.

Foleni nyingine imejificha ndani ya mashine pepe yenyewe. Kontrola pepe ya PVSCSI, kwa mpangilio wa kawaida, hutoa nafasi 64 kwa kila diski pepe na 254 kwa kontrola nzima, na mashine moja inaweza kupewa kontrola nne. Hifadhidata nzito iliyowekwa yote kwenye diski pepe moja inajifunga kamba yenyewe. Data, logi na mafaili ya muda yakikaa kwenye diski pepe tofauti chini ya kontrola tofauti, maombi ya logi, ambayo ndiyo yanayoshikilia muamala wa mteja, hayakwami nyuma ya ripoti ndefu.

Flashi imebadilisha nini

SSD, yaani diski ya flashi, imevunja hesabu ya mizunguko. Kifaa kimoja cha seva hutoa makumi ya maelfu ya IOPS, na muda wa kusubiri umeshuka chini ya milisekunde 1. SACCO yetu, iliyohitaji diski 43 za RAID 5, ingetosheka na chache mno, na nafasi ingerudi kuwa ndiyo inayoamua idadi. Kiwango cha NVMe, kilichotolewa mwaka 2011, kiliondoa na ufinyu wa foleni: pale AHCI ya diski za SATA inapotoa foleni moja ya maombi 32, NVMe inaruhusu foleni zaidi ya 65,000.

Kutokana na hayo, wapo wanaosema upimaji umekwisha kazi. Haujaisha. Umehamia kwingine. Kontrola za hifadhi, waya wa mtandao na kadi za seva, ambazo zamani zilikuwa na nafasi ya ziada, sasa ndizo zinazozidiwa kwanza. SSD kadhaa za NVMe nyuma ya mtandao wa gigabiti 10, ambao haupiti gigabaiti 1.25 kwa sekunde, ni fedha iliyofungiwa ndani ya kabati.

Aina ya SSD nayo ina neno. SSD za kompyuta za nyumbani kwa kawaida hazina kapasita za kuokoa data umeme unapokatika, kwa hiyo andiko linalodai uhakika wa papo hapo, kama la logi ya hifadhidata, huzilazimisha kusubiri chipu zenyewe. Namba tamu iliyoandikwa kwenye boksi inaporomoka. Jambo hili linawahusu hasa wanaohamia Proxmox, jukwaa jingine la mashine pepe, baada ya Broadcom kuinunua VMware Novemba 2023, kwa sababu huko hukutana na ZFS na Ceph, mifumo inayotegemea sana maandiko ya aina hiyo. Zaidi ya hapo, kundi moja la RAIDZ ndani ya ZFS hutoa IOPS za kurukaruka zinazokaribiana na za diski moja, hata kama kundi lina diski nane. Kwa mashine pepe, jozi za vioo hushinda. Ceph nayo kwa kawaida huhifadhi nakala tatu na humjibu mwandishi zote zikishaandikwa. Terabaiti 12 ulizonunua zinakuwa 4, na muda wa kusubiri unafuata kifaa cha polepole kuliko vyote.

Wingu: pale ukubwa ulipouzwa kama kasi

Kwenye huduma za wingu uhusiano wa ukubwa na kasi umeandikwa kwenye orodha ya bei. Volyumu za gp2 za Amazon hutoa IOPS 3 kwa kila gigabaiti. Hifadhidata ya gigabaiti 200 iliyohitaji IOPS 3,000 muda wote ililazimika kununuliwa volyumu ya gigabaiti 1,000, na 800 zikabaki wazi zikilipiwa kila mwezi. Volyumu ndogo hupewa akiba ya kupanda hadi 3,000 kwa muda. Ile ya gigabaiti 100, yenye msingi wa 300, ina akiba ya operesheni milioni 5.4. Ikitumika kwa kasi ya juu inakwisha baada ya dakika kama 33, na mfumo unashuka mara kumi. Wengi wamefanya majaribio ya dakika kumi, wakafurahi, wakahamisha biashara, kisha wakashangaa.

Desemba 2020 Amazon ilileta gp3, ambayo huanza na IOPS 3,000 na megabaiti 125 kwa sekunde bila kujali ukubwa, na kasi ya ziada inanunuliwa peke yake. Anayebaki gp2 kwa mazoea tu arudie hesabu zake.

Azure imeendelea kuuza kwa ngazi katika diski zake za Premium SSD: P10 ya gigabaiti 128 hutoa IOPS 500, P20 ya 512 hutoa 2,300, P30 ya terabaiti 1 hutoa 5,000 na megabaiti 200 kwa sekunde. Lakini mashine nayo ina kikomo chake. Mashine ya D2s_v3 haipitishi zaidi ya IOPS 3,200 na megabaiti 48 kwa sekunde bila kashe. Ukiifunga P30, umelipia megabaiti 200 na unapata 48. Kosa hili ni la kawaida kwa sababu diski na mashine huchaguliwa katika kurasa mbili tofauti.

Anayetumia wingu kutoka Afrika Mashariki atenganishe pia kuchelewa kwa diski na kuchelewa kwa njia. Vituo vikuu vya huduma hizi mbili barani Afrika vimekuwa Cape Town na Johannesburg. Safari ya kwenda na kurudi kutoka Dar es Salaam au Nairobi ni ndefu kuliko muda wowote wa SSD, na volyumu ya bei ghali zaidi haitaifupisha.

Nafasi isiyoguswa na saa ya kurejesha

Baada ya kazi na foleni, ndipo gigabaiti zinapoingia, nazo zina mitego yake. Wasimamizi wengi hugawa nafasi kwa ahadi: mashine inaambiwa ina gigabaiti 500, lakini kwenye diski zinachukuliwa zile tu zilizokwisha kuandikwa. Ahadi zikizidi volyumu, siku moja zitadaiwa pamoja. Snapshoti iliyosahaulika nayo hukua kila andiko linapofanyika, hula nafasi na hurefusha njia ya kila usomaji. Volyumu inayojaa kabisa husimamisha mashine zote zilizomo, ikiwemo ile isiyokuwa na hatia.

Watengenezaji wenyewe wamechora mstari. Storage DRS ya VMware, iliyokuja mwaka 2011, ilipangwa kuanza kupendekeza kuhamisha mashine volyumu ikifika asilimia 80 au muda wa kusubiri ukipita milisekunde 15. Ceph hutoa onyo kwenye asilimia 85 na hukataa maandiko kwenye 95. ZFS huanza kuwa nzito inapokaribia kujaa, na ushauri wa miaka mingi ni kutovuka 80. Kwa hiyo asilimia 20 ya volyumu si akiba ya kutumiwa mwakani. Ni sehemu ya mtambo.

Kikomo cha juu cha ukubwa nacho hakitoki kwenye mwongozo wa programu. Kinatoka kwenye swali ambalo mkurugenzi atauliza siku ya msiba: mtarudi lini? Kurejesha terabaiti 10 kwa mtandao wa gigabiti 1, unaopitisha kama megabaiti 110 halisi kwa sekunde, kunachukua zaidi ya saa 25. Kwa gigabaiti 1 kwa sekunde ni chini ya saa tatu. Volyumu ya terabaiti 64, hata kwa megabaiti 500 kwa sekunde, inataka saa 35 na nusu. Kama taasisi imeahidi kurudi kazini ndani ya saa nne, ahadi hiyo imekwisha kupanga ukubwa wa volyumu: kasi ya kurejesha mara saa nne. Programu ikiruhusu zaidi, hiyo ni ruhusa tu.

Utaratibu wa kufuata

Anza kwa kupima mfumo ulio hai kwa mwezi mzima, si kwa siku moja. Chukua IOPS, uwiano wa kusoma na kuandika, ukubwa wa vipande na muda wa kusubiri, kwa asilimia ya 95 na kwa kilele. Kwenye Linux, iostat inatosha. Tazama safu za kusubiri za kusoma na kuandika na urefu wa foleni, wala usitishwe na asilimia ya matumizi, ambayo kwenye SSD husoma 100 kifaa kikiwa bado na nguvu. Kisha zidisha maandiko kwa ada ya RAID au idadi ya nakala, upate kazi halisi ya vifaa.

Hatua ya pili, panga mashine kwa tabia zake. Hifadhidata za malipo zipate volyumu zake, mafaili na kumbukumbu za kale zikae kwingine, na mashine za majaribio zisilale na za uzalishaji. Hatua ya tatu, gawa kila kundi katika volyumu za kutosha ili foleni zisiwe kikwazo, kila moja ikiwa ndogo kiasi cha kurejesheka ndani ya muda ulioahidiwa. Mwisho ongeza nafasi ya ukuaji na ile asilimia 20 isiyoguswa. Gigabaiti zitakazotoka hapo ndizo za kununua. Kabla ya kupokea mzigo, uendeshe kwa programu ya majaribio kama fio au DiskSpd ukitumia uwiano wako mwenyewe, kwa saa kadhaa, mashine nyingi kwa pamoja, ili kashe na akiba ziishe na ukweli ubaki.

Wanaoandika zabuni katika halmashauri, vyuo, hospitali na SACCO zetu wana nafasi ya kurekebisha hili bila kuongeza shilingi. Karibu na mstari wa terabaiti waongeze minne: IOPS za kilele kwa ukubwa wa kipande uliotajwa, uwiano wa kusoma na kuandika, muda wa kusubiri usiozidi kiwango kilichotajwa kwa asilimia ya 95, na saa za kurejesha volyumu kubwa kuliko zote. Waandike pia kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya namba hizo kuthibitishwa mbele ya mafundi wa taasisi. Muuzaji asiyeweza kuzijaza aachwe, hata kama terabaiti zake ni za bei ya kutupa.